Tangi la Meja na Madebe Ishirini Yasiyokuwepo

Vijana wangu wa gereji, mmenichosha na swali moja. Kila nikija kukaa kwenye benchi lenu hapo Nakawa, kabla hata chai haijapoa, mmoja wenu ananisogezea simu yenye picha ya gari la kulala watalii: "Mzee, hili tulifungie tangi la lita ngapi?" Mnauliza kama mtu anayeuliza bei ya nyanya soko la Kalerwe. Nimefunga matangi kwenye magari maisha yangu yote. Nimefunga ya kliniki, ya wahubiri, ya sinema. Yakipangwa mstari yanafika Jinja na kurudi, na njiani yanabaki ya kugawa. Na bado siwezi kuwajibu kabla sijamjua anayeoga.

Basi leo nawaandikia, maana nikisimulia kwa mdomo mnacheka mahali pasipochekesha.

Sisi tulipima kwa debe. Debe la bati lilichukua galoni nne, na galoni nne za maji ni ratili arobaini. Shikeni hapo. Mwenye gari akisema anataka madebe arobaini, anasema anataka kubeba wanaume kumi wazima, wote wamesimama pembe moja ya gari. Tena ni wanaume wasiotulia. Ukikanyaga breki wanakimbilia mbele, ukikata kona wanalala upande mmoja. Ndiyo maana ndani ya tangi tunaweka kuta zenye matundu, maji yapite polepole, yasiruke kama wacheza ngoma ya harusi.

Na tundu la kupumua msisahau. Mimi nililisahau. Lilikuwa gari la sinema, tangi nimelichomelea likang'aa hata nikajinyolea ndevu mbele yake. Nikapiga pampu ya mkono mara tatu, maji yakaja vizuri. Mara ya nne tangi likaguna. Mara ya sita likaanza kuingia ndani, mashavu yamebonyea kama ya bibi anayevuta kiko. Msimamizi wetu, Mzee Rajabu, alikuja akaweka kiganja kwenye bati lililobonyea.

"Profesa," akaniambia, "wewe nikikuziba pua na mdomo, utaweza kutema mate?"

Profesa ndilo jina alilonipa, kwa sababu ya shule yangu ya jioni. Nilikuwa fundi mwenye miaka ishirini na sita, na nilikuwa nimepasi hesabu ya ujazo: urefu mara upana mara kina. Nilitembea na cheti mfukoni kama pasipoti. Mzee Rajabu alikuwa Mnubi, baba yake aliwahi kuwa askari wa Waingereza, na yeye hakusoma hata siku moja. Lakini alipiga tangi kwa kifundo cha kidole akakwambia limebakiza debe ngapi na robo.

Miaka ile, vijana, ilikuwa miaka ya jeshi. Sitaki kuwachosha na siasa. Jueni tu kwamba gari la kijani likipunguza mwendo karibu nawe, miguu ilikuwa inakuuliza kama mnakimbia au mnasimama. Wenye gereji yetu walikuwa wameondoka nchini kwa haraka, wakaacha hata vikombe mezani. Siku moja akaja Meja.

Alikuja na basi dogo lililokuwa la kubebea watoto wa shule. Akataka liwe nyumba: vitanda, jiko, bafu, kabati la vyombo. Alikuwa anakwenda kukagua kambi za mbali huko mashariki, kwenye ukame, na familia yake. Watu sita: yeye, mkewe, watoto watatu na mpishi.

"Tangi weka ya debe arobaini," akasema. "Weka nyuma kabisa, karibu na bafu. Nataka mke wangu oge kama iko ndani ya ziwa."

Mimi na cheti changu nilishapiga hesabu tayari. Kitabu cha shule kilionyesha familia ya Ulaya yenye bafu la kulala. Kwa kitabu kile watu sita kwa siku tatu walihitaji madebe tisini. Nikafungua mdomo nimwambie Meja arobaini hayatoshi. Mzee Rajabu akanikanyaga kidole cha mguu kwa kisigino. Kidole kile mpaka leo kinajua mvua inakuja.

"Debe arobaini, Afande," Mzee akasema. "Tangi utapata."

Meja alipoondoka, Mzee akanivuta nyuma ya basi. "Angalia. Ekseli ya nyuma iko hapa. Tangi anataka huku, nyuma yake. Vitanda na jiko tayari viko. Ukiongeza maji yenye uzito wa wanaume kumi, pua ya gari inanyanyuka. Akipanda kilima, usukani unakuwa mwepesi kama wa baiskeli ya mtoto. Anaanguka na familia yake. Halafu wanakuja kutuuliza sisi."

"Basi tumwambie haiwezekani."

Akanitazama kama mtu aliyesikia mbuzi anaongea. "Mwambie wewe. Mimi nitakutunzia cheti."

Kwanza alinifundisha kupima mtu. Alinipa debe moja la maji asubuhi, akanifungia ndani ya lile basi uani siku nzima nipike, ninywe, nioge, nioshe vyombo. Ndani ya debe alichora mistari ya chaki. Kufikia saa nne nilikuwa nimemaliza nusu, maana nilioga kwa kujimwagia kama bwana harusi. Akanitoa, akajaza tena, akanionyesha. Sahani unaifuta kwanza kwa jani la mgomba, ndipo uioshe. Maji ya kusuuzia ndiyo ya kuoshea zinazofuata. Yaliyoosha mboga yanakwenda chooni. Kuoga ni kwa birika, lile la kutawadhia: lowa, acha, paka sabuni, suuza, basi. Mabomba yote yawe ya kusukuma, ukiachia mkono linajifunga lenyewe. Siku ya pili debe lilinitosha mpaka jioni na nikabakiza kikombe.

"Debe moja kwa mtu kwa siku," Mzee akasema. "Watu sita, siku tatu, kumi na nane. Mbili za akiba. Ishirini."

Na ishirini ndiyo tuliyofunga, ndani ya tangi la arobaini. Tangi lilisimama nyuma kama kabati, upana wa gari, kimo cha kifua, mtu yeyote akiliona anasema arobaini. Lakini ndani tulisimamisha bomba la kumwagia lililoishia katikati. Maji yakifika nusu yanaingia bombani na kumwagika chini ya gari, na kila mtu duniani akiona maji yanamwagika chini anajua tangi limejaa. Mzee alinipa mimi kazi ya kukata bomba lile. Nilipima toka sakafu ya tangi hadi alama ya madebe ishirini, urefu mara upana mara kina, mpaka sehemu ya inchi. Nilijivuna. Kumbukeni kwamba nilipima toka sakafuni.

Tukalipeleka gari nyumbani kwa Meja, Nakasero, nyumba yenye ua mpana. Kupanda kile kilima tangi likiwa limejaa ile nusu yake, usukani ulianza kucheza. Mzee alinitazama tu. Ingekuwa madebe arobaini tungekuwa tunaendesha mawingu.

Meja akaagiza tulijaze tena kwa mpira mbele yake. Maji yakamwagika chini.

"Imejaa, Afande," nikasema.

Akalizunguka gari mara mbili, anapigapiga paja lake kwa fimbo fupi. "Fundi ya Kampala yote ni mwizi," akasema bila hasira, kama anasema leo kuna jua. "Mmoja alinifungia redio, ndani hakuna kitu. Sasa hivi: familia yangu takaa ndani ya hii gari siku tatu, hapa hapa. Hakuna kuongeza maji. Kama iko debe arobaini, haiwezi kwisha. Ikikwisha, ninyi nahujumu."

Neno hilo la hujuma, vijana, kwenu ni la magazetini. Kwetu lilikuwa mlango wa kutokea, na waliotoka hawakurudi.

"Wewe Profesa tachunga bomba. Mzee takaa pale." Akaonyesha stoo ya mabati karibu na geti. "Maji ikifika siku ya tatu, yeye naenda nyumbani. Isipofika, mimi nampeleka mahali ingine."

Mzee Rajabu akaenda mwenyewe, hakusubiri kusukumwa. Aliponipita akanong'ona, "Birika, Profesa." Askari akafunga kufuli.

Siku ya kwanza ilikwenda, Meja mwenyewe akirudi kutoka kazini jioni kuoga na kulala mle garini. Nilikaa kwenye kigoda nyuma ya gari na kijiti changu cha kupimia, natabasamu kwa watoto mpaka mashavu yakauma. Kila wakisukuma bomba, mimi nilisikia kufuli ya stoo. Mpishi, Mkongomani mwenye maneno, nilimfundisha kufuta sahani.

"Eh, ndugu, hii ni gari ao ni gereza ya maji?"

"Pika, kaka. Pika vikavu."

Mke wa Meja hakuongea sana. Alikuwa mama mrefu, amekulia mahali ambapo msichana anabeba maji kichwani kabla ya kujua kusoma. Aliniona napima kila saa, macho yake yakakifuata kile kijiti.

Siku ya pili asubuhi maji ya mji yakakatika. Kilima kizima cha Nakasero, mabomba yanapiga miluzi mitupu. Sasa tuko ndani ya ua wenye nyumba kubwa isiyo na tone, askari wanane wenye kiu, na gari moja ambalo kila mtu anaamini lina madebe arobaini.

Sajenti wa geti akaja na jerikeni mbili. "Profesa, fungua."

"Sajenti, ssebo, bwana wangu, hii ni maji ya Meja."

"Na mimi ni ya nani?" Akaweka jerikeni la kwanza chini ya bomba la nje. "Sukuma."

Nikasukuma. Mngefanya nini? Jerikeni moja ni zaidi ya debe. Nililisikia likijaa, sauti ikipanda, na mimi nashuka nalo. Alipovuta la pili, mlango wa gari ukafunguka.

"Sajenti!" Alikuwa Mama, mke wa Meja. "Hiyo ya pili ni ya nani?"

"Ya vijana, Mama."

"Meja alisema nani natumia hii maji?"

"Familia, Mama."

"Wewe nazaliwa na mimi?"

Askari wengine wakacheka. Sajenti akaondoka na jerikeni moja, na mnajua maji yale aliyafanyia nini? Aliliosha gari la Meja. Benzi jeusi, likang'aa vizuri sana, na matope yakatiririka getini yakipita mbele ya mlango wa stoo.

Mama akaniita ndani, bafuni. Akakunja kidole, akagonga tangi kuanzia juu. Ti. Ti. Ti. Akashuka. Katikati nako, ti. Akashuka tena, karibu na goti: du. Kuna kitu kinaitwa jasho la baridi. Langu lilikuwa barafu, ningeweza kuuza soda.

"Jana asubuhi niligonga pia," akasema taratibu. "Tangi ilikuwa imejaa, ikalia tupu hapa juu. Profesa, hii ilizaliwa nusu?"

Nilitazama vidole vyangu vya miguu.

"Kale," akasema, yaani sawa kwa Kiganda. "Meja akikasirika, si ninyi peke yenu mnaoumia." Akatoka, na kuanzia hapo watoto watatu walioga beseni moja, na maji ya beseni lile yakafua nguo, na maji ya nguo yakaenda chooni. Mama yule angeweza kuvusha kikosi jangwani kwa chupa ya soda.

Siku ya tatu, saa tisa na nusu alasiri, nikatumbukiza kijiti. Vidole vitatu. Nikashukuru Mungu: vidole vitatu kwa tangi pana kama lile ni madebe mawili kamili, na Meja anakuja saa kumi. Nikasukuma bomba nijaribu.

Likakohoa. Likatema tone moja. Basi.

Ndipo nilipoelewa, na ndipo ninapotaka muelewe. Bomba la kutolea maji hatuliweki sakafuni. Tunaliinua vidole vitatu ili kutu na mchanga vilale chini visiingie kikombeni. Maji ya chini ya bomba hayahesabiwi, maana hayatoki. Kila fundi anajua. Mzee aliponiambia madebe ishirini, alimaanisha ishirini juu ya bomba. Mimi na cheti changu nilipima toka sakafuni. Zile debe mbili za akiba alizohesabu Mzee kwa ajili ya siku kama ile, nilizilaza kwa mkono wangu mahali zisipofikika. Sajenti naye akachukua ya nyongeza. Tangi lina maji, bomba ni kavu, Mzee yuko ndani ya kufuli, na getini nasikia honi.

Bomba la kutolea lilitokea upande wa kushoto. Nikapiga magoti kwenye gurudumu la nyuma la kushoto, nikachomeka njiti ya kiberiti kwenye valvu. Tairi likaanza kupuliza. Vijana, sauti ile! Ingesikika Entebbe. Geti linafunguka, injini inaingia uani, na tairi langu linazomea kama ukumbi mzima wa sinema umeme ukikatika. Nikainua macho: Mama amesimama mlangoni, ananitazama mimi na ile njiti.

Akageuka, akachukua sufuria, akaiangusha kwenye ngazi za gari. Kisha ya pili. Kisha akaanza kumfokea mpishi, kwa sauti ya kuamsha Nakasero yote, kwamba ameunguza wali. Mpishi hakuwa amepika wali. Lakini alikuwa mtu mwerevu, akaanza kuomba msamaha kwa sauti kubwa kuliko yake.

Meja akashuka na maafisa wawili aliowaleta waone. Gari lilikuwa limeshaegemea kushoto kama mlevi.

"Gari nalala?"

"Msumari, Afande. Barabara ya Nakawa. Nitaziba." Njiti ilikuwa mdomoni mwangu, naitafuna.

"Fungua maji."

Nikasukuma bomba. Likakohoa. Meja akaacha kupigapiga fimbo. Likakohoa tena, na mimi nikawaza maji yanavyotambaa gizani kutoka kulia kwenda kushoto, yakipita kwenye matundu ya zile kuta niliyoyatoboa mwenyewe, na nikajuta kwamba sikuyatoboa makubwa zaidi. Halafu yakaja. Membamba, lakini yanakuja. Meja akanawa mikono. Akanawa uso. Afisa mmoja akaomba glasi, akanywa, mwingine naye. Birika likajaa. Kidole changu kilikuwa cheupe kwa kusukuma.

"Naona?" Meja akawaambia wenzake. "Siku tatu, familia nzima. Debe arobaini!" Akanipiga begani, nikaachia bomba kabla halijaacha lenyewe. "Profesa, chukua mzee yako."

Nilikimbia kwenda stoo nikicheka, nawaambia ukweli, nilikuwa nacheka. Askari akafungua kufuli. Joto likatoka kwanza, kama unafungua tanuri la mkate. Mzee Rajabu alikuwa amekaa juu ya gunia, mgongo ukutani. Alifungua mdomo kunisalimu na midomo ikapasuka.

"Hamkumpa maji?" nikamuuliza askari.

"Tutoe wapi? Tangu jana asubuhi hakuna hapa. Hata sisi nakunywa kwa jirani, iko na pipa ya mvua."

Kutoka kwenye kigoda changu hadi mlango ule zilikuwa hatua ishirini. Siku tatu nililinda kila kikombe kwa ajili yake. Kila mtoto aliposukuma bomba nilimwona yeye. Na sikumpelekea hata kikombe kimoja. Watu sita, debe sita kwa siku. Ndivyo tulivyohesabu, naye mwenyewe ndiye aliyehesabu. Nilirudi kwenye gari nikasukuma bomba tena na tena. Upepo tu.

Tulishuka kilima polepole, ameniegemea. Bondeni kulikuwa na chemchemi iliyojengewa kwa mawe, kina mama wamepanga mitungi. Walipomwona walisogea bila kuulizwa. Mzee akapiga magoti, akakinga viganja. Akanywa. Akakinga tena. Sikujua kwamba nilikuwa natoa sauti mpaka alipogeuka, maji yanamtoka kidevuni.

"Acha kuhesabu," akasema.

Jumatatu tulirudi kazini. Alilipokea kosa langu la sakafuni kwa kunifanya nichore bomba la kutolea mara hamsini kwenye ukuta wa gereji kwa chaki, na nikipita karibu alikuwa anauliza mbele ya wote, "Profesa, vidole vingapi?" Lile la stoo hakulitaja, si siku ile wala mpaka anakufa. Mimi ndiye niliyelitaja, mara moja, akanituma nikamletee misumari.

Basi nanyi mkipima tangi, pimeni toka bomba linapotokea, hesabuni watu, hesabuni uzito, acheni tundu la kupumua. Hayo yote mtayapata hata kwenye simu zenu. Lakini kuna kitu mmekuwa mkikiona kwenye magari yangu ya zamani mnapoyafumua, na juzi mmoja wenu alikiita ushamba wa wazee: kitangi kidogo cha debe moja, peke yake, hakikuungwa na lile kubwa, na kibomba chake kiko nje, chini, karibu na gurudumu la nyuma, mahali ambapo mtu yeyote akiinama anakifikia. Nilikiweka kwenye kila gari baada ya pale. Hakikuwa kwenye mchoro wowote. Wenye magari wakiniuliza ni cha nini, nilikuwa nawaambia ni cha kuoshea matairi, na wote waliniamini.